Orodha ya mabadiliko kutoka kwenye komiti: git-cliff, semantic-release, release-please au faili za pembeni?

Siku ya kutoa toleo jipya ikifika, kuna kazi moja ambayo kila mtu kwenye timu anaikwepa: kuandika orodha ya mabadiliko. Msimbo umekamilika, majaribio yamepita, tagi (alama ya toleo kwenye historia ya msimbo) inasubiri kuwekwa, halafu mtu anauliza ni nani ataandika yaliyobadilika tangu toleo lililopita. Kimya kinatanda. Hapo ndipo wazo la kuizalisha orodha hiyo kutoka kwenye ujumbe wa komiti (maelezo mafupi yanayoambatana na kila badiliko la msimbo lililohifadhiwa) linapoanza kupendeza, kwa sababu Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, tayari inajua nini kilibadilika, nani alikibadilisha na lini.

Zana za kazi hii ni nyingi, na hizi nitakazozitaja zote ni huria na za bure, isipokuwa zile zilizomo ndani ya GitHub na GitLab, majukwaa ya kuhifadhia msimbo. Sizipangi kwa umaarufu wala kwa lugha ya programu zilizoandikiwa. Nazipanga kwa swali moja ambalo naona linaamua mengine yote: sentensi atakayoisoma mtumiaji inaandikwa wapi, na nani, na wakati gani? Kuna zana inayoitaka ndani ya komiti, nyingine inaichukua kwenye kichwa cha ombi la kuunganisha (pull request, yaani msimbo mpya unaosubiri kupitiwa ili uingie kwenye mradi), nyingine inataka iwe na faili yake. Ukishajua timu yako huandika vizuri wapi, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Orodha mbili, wasomaji wawili

Miradi ya GNU ilitenganisha jambo hili kabla hata Git haijazaliwa mwaka 2005. Ilikuwa na faili mbili. ChangeLog iliandikwa kwa ajili ya wanaosoma msimbo: faili ipi iliguswa, kipengele kipi kilibadilishwa. NEWS iliandikwa kwa ajili ya mtumiaji: toleo hili linakupa nini, na kitu gani ulichokizoea hakipo tena. Mradi wa GCC, kikusanyaji cha GNU kinachogeuza msimbo kuwa programu, ulipohamia Git mwaka 2020, faili zake za ChangeLog zikaanza kuzalishwa na skripti kutoka kwenye ujumbe wa komiti. Ukurasa wa mabadiliko ya kila toleo kubwa, ule unaosomwa na watumiaji wa kikusanyaji hicho, bado unaandikwa na watu.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, naye anapotangaza matoleo ya majaribio ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, huambatisha matokeo ya `git shortlog`: majina ya waliochangia na vichwa vya komiti zao. Inafaa, kwa kuwa wanaoisoma ni watu wa kerneli wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kusakinisha chochote, jiulize nani atafungua faili yako. Ukitengeneza maktaba inayotumiwa na wasanidi wengine, ujumbe wa komiti unaweza kutosha ukiandikwa kwa uangalifu. Ukitengeneza programu ya duka, ya shule au ya zahanati, hautoshi, na hakuna kiolezo kitakachoubadilisha ukatosha.

Tazama mfano huu wa programu ya mauzo inayopokea malipo ya simu:

```
feat(ripoti): ongeza upakuaji wa PDF
fix(malipo): usitume ombi upya kabla ya jibu
refactor(malipo): hamisha ukaguzi wa namba ya muamala
chore: sasisha maktaba
fix: tena
wip
```

Hizi zimefuata, kwa kiasi chake, utaratibu wa Conventional Commits, ambao ulichipuka kutoka kwenye miongozo ya mradi wa Angular. Neno la mwanzo ndilo linalosomwa na zana. `fix` inapandisha namba ya mwisho ya toleo (ile 2 kwenye 1.4.2), `feat` inapandisha ya katikati, na alama ya `!` au maneno `BREAKING CHANGE` mkiani yanapandisha ya kwanza. `refactor` na `chore` hufichwa na zana nyingi, ingawa git-cliff huzionyesha kwa mpangilio wake wa awali. Ukiipitisha orodha hii kwenye zana inayozificha utapata mistari mitatu: upakuaji wa PDF, "usitume ombi upya kabla ya jibu", na "tena". Ule wa `wip` utaachwa nje.

Mwenye duka akisoma "usitume ombi upya kabla ya jibu" haambulii kitu. Alichohitaji kuambiwa ni hiki: mteja hakatwi tena pesa mara mbili mtandao unapokatika katikati ya malipo. Habari hiyo ndiyo kubwa kuliko zote kwenye toleo zima, ndiyo itakayomfanya asasishe programu leo badala ya mwezi ujao, na aliyeandika komiti alikuwa nayo kichwani. Hakuiandika kwa sababu hakuna aliyemuuliza wakati ule.

Sentensi ikiwa ndani ya komiti: git-cliff, semantic-release, release-please

Zote tatu husoma Conventional Commits, lakini zinatofautiana sana katika mamlaka unayozipa.

git-cliff ndiyo yenye mamlaka kidogo zaidi, na kwangu hiyo ni sifa. Imeandikwa kwa Rust, inakuja kama programu moja, haijali mradi wako ni wa PHP, Kotlin au Python. Inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti. Unaandika `git cliff --init` inakupa faili ya `cliff.toml`, na humo ndimo ulimo uzuri wake wote: unaweka ruwaza zako za kuainisha komiti, unabadilisha vichwa vya makundi viwe vya Kiswahili ukitaka, unaeleza kipi kirukwe. Haichapishi kifurushi, haisukumi chochote kwenye seva. Inakuandikia maandishi, wewe unayasoma, unayarekebisha, ndipo unaweka tagi. `git cliff --unreleased` inakuonyesha yaliyokusanyika tangu tagi ya mwisho, na amri hiyo peke yake inatosha kuifanya zana hii istahili nafasi hata kwa timu ambayo haitaki otomatiki nyingine yoyote.

Angalia jambo moja kwenye mpangilio wake wa awali: `filter_unconventional` imewashwa, maana yake komiti isiyofuata utaratibu inadondoka kimyakimya. Mwenzako akiandika "Rekebisha hesabu ya VAT" bila `fix:` mbele, rekebisho hilo halitaonekana popote. Zima kichujio hicho miezi ya mwanzo, zipe komiti hizo kundi lake la "Mengineyo", na utaona wazi utaratibu umeshika kiasi gani.

semantic-release iko upande wa pili kabisa. Inakaa kwenye mtambo wa CI (seva inayojenga na kupima msimbo yenyewe), na kila msimbo unapoingia kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mradi, inasoma komiti, inaamua namba ya toleo, inaweka tagi, inachapisha kifurushi na kuandika maelezo ya toleo. Hakuna binadamu anayeombwa ruhusa. Kwa timu iliyozoea nidhamu hiyo ni raha kubwa: rekebisho linaunganishwa asubuhi, watumiaji wanalipata kabla ya adhuhuri. Lakini fikiria maneno `BREAKING CHANGE` yaliyowekwa kwa bahati mbaya. Toleo la 2.0.0 linakwenda npm, hifadhi ya vifurushi vya JavaScript, na namba iliyokwisha kutumika npm hairudishwi hata ukikiondoa kifurushi. Pia haitambui kipindi cha matoleo ya 0.x, toleo lake la kwanza ni 1.0.0. Na wengi hushangaa kukuta haijaandika faili ya CHANGELOG.md. Kwa mpangilio wa awali maelezo yanakwenda kwenye ukurasa wa matoleo. Ukitaka faili ndani ya repo (hazina ya msimbo wa mradi) unaongeza programu-jalizi mbili, moja ya kuiandika na nyingine ya kuirudisha kwenye Git.

Kati yao ipo release-please, iliyotoka Google, na kwa timu nyingi zilizo GitHub ningeanza na hii. Badala ya kutoa toleo papo hapo, inafungua ombi la kuunganisha lenye namba mpya na orodha mpya, kisha inaliacha wazi. Kila komiti inayoingia inalisasisha ombi lile lile. Siku mtakapoamua kutoa toleo, mtu analisoma, analiunganisha, na hapo ndipo tagi inawekwa. Kuchapisha kwenye npm au PyPI (hifadhi ya vifurushi vya Python) haihusiki nako, unapanga mwenyewe. Ule muda wa ombi kukaa wazi ndio thamani yake: mtu wa huduma kwa wateja, ambaye hajawahi kugusa Git, anaweza kulifungua kwenye kivinjari na kuuliza "hili la ombi upya maana yake nini?" kabla halijamfikia mteja.

Tena inatoa njia ya kusahihisha. Komiti ikishaingia tawi kuu haibadiliki bila kuandika upya historia, jambo ambalo hakuna timu inayolipenda. release-please inakuruhusu kurudi kwenye ombi lililokwisha kuunganishwa, kuhariri maelezo yake na kuweka ujumbe mbadala kati ya mistari `BEGIN_COMMIT_OVERRIDE` na `END_COMMIT_OVERRIDE`. Ikipita tena itasoma ule mbadala. Sharti lake ni kwamba muwe mnabana komiti zote za ombi kuwa moja mnapounganisha. Na ukitaka kulazimisha namba fulani, unaandika `Release-As: 2.0.0` mkiani mwa komiti.

Ukikutana na mafunzo yanayokuelekeza standard-version, yaache. Zana hiyo ilisitishwa, na watunzaji wake wenyewe wanaelekeza watu release-please.

Sentensi ikiwa kwenye kichwa cha ombi

GitHub ilileta maelezo ya toleo yanayojiandika mwaka 2021. Hayasomi komiti, yanasoma vichwa vya maombi yaliyounganishwa tangu toleo lililopita, yanataja waliochangia na kuwatambulisha wapya. Unayapanga kwa lebo kupitia faili ya `.github/release.yml`: lebo hii iende kundi hili, ile isionekane. Huhitaji kusakinisha kitu wala kumfundisha mtu maneno ya `feat` na `fix`.

Faida yake ambayo haisemwi vya kutosha ni kwamba kichwa na lebo vinaweza kurekebishwa hata baada ya kuunganisha. Jioni ya kutoa toleo mtu mmoja anapitia vichwa kumi na tano, anaviweka sawa, kisha anabonyeza. Hasara: maelezo yanaishi kwenye ukurasa wa matoleo wa GitHub. Anayepakua msimbo peke yake hana orodha, na mkihamia kwingine itabidi myabebe kwa kazi ya ziada. Namba ya toleo pia unaichagua mwenyewe.

GitLab ina njia yake, na historia yake inafundisha. Kwanza kila mtu alihariri CHANGELOG.md moja, na maombi yakawa yanagongana kila siku kwenye mistari ile ile ya juu ya faili. Wakahamia faili ndogo ndogo za YAML, moja kwa kila badiliko. Mwaka 2021 wakahamia mstari wa mkiani mwa komiti, `Changelog: added` au `Changelog: fixed`, unaosomwa na API yao (njia ya programu kuzungumza na GitLab). Ninachokipenda hapo ni kwamba kuingia kwenye orodha ni uamuzi wa makusudi: usipoandika mstari ule, badiliko halitangazwi. Na komiti iliyofutwa kwa kurudishwa nyuma huondolewa, maana GitLab inatambua maneno `This reverts commit` ambayo Git huyaandika yenyewe. Kwenye zana inayochuja kwa ruwaza tu, ujumbe unaoanza na `Revert "fix...` hautambuliki kama aina yoyote, unatupwa, na lile rekebisho mliloliondoa linabaki limetangazwa kama lipo. Lipime jambo hili kabla ya kuchagua; orodha inayodai rekebisho lisilokuwepo ni mbaya kuliko kukosa orodha.

Sentensi ikiwa na faili yake: towncrier na Changesets

Hizi hazisomi komiti kabisa, na ndiyo maana nimeziweka kwenye ulinganisho huu. Mara nyingi anayetafuta namna ya kuzalisha orodha kutoka kwenye komiti anatafuta namna ya kutoandika siku ya mwisho, na hilo linapatikana pia kwa kuandika siku ya kwanza.

towncrier ilizaliwa katika mradi wa Twisted wa Python, na leo inatumiwa na pip na pytest. Kwa kila badiliko unaweka faili ndogo yenye namba ya tatizo na aina yake, mfano `412.bugfix.md`, ndani yake sentensi moja au mbili. Siku ya toleo, `towncrier build` inazikusanya, inaziandika kwenye orodha kuu na kuzifuta zile ndogo. Amri ya `towncrier check` inakataa ombi lisilo na faili. Hakuna mgongano, kwa kuwa kila mtu ana faili yake, na sentensi inapitiwa na wenzako pamoja na msimbo, aliyeiandika akiwa bado anakumbuka kwa nini alifanya kazi ile.

Changesets, iliyoanzia Atlassian, ni ya ulimwengu wa JavaScript, hasa repo moja yenye vifurushi vingi. `npx changeset` inakuuliza vifurushi vipi vimeguswa, kila kimoja kinapanda kwa kiasi gani, na unataka kusema nini. Kwa repo ya namna hiyo sijaona sababu ya kuhangaika na komiti: badiliko moja linaweza kuwa dogo kwa kifurushi kimoja na la kuvunja kwa kingine, na mstari mmoja wa komiti haubebi maana mbili.

Gharama yake ni hatua ya ziada kwa kila mchango. Mchangiaji wa mara moja, aliyekuja kusahihisha neno moja, anakutana na kikaguzi kinachomdai faili asiyoijua. Miradi mingi humwandikia, au huruka sharti hilo kwa mabadiliko madogo.

Yanayokwamisha watu siku ya kwanza

Zana inafanya kazi kwenye kompyuta yako, lakini kwenye GitHub Actions, mtambo wa CI wa GitHub, inatoa orodha tupu. Karibu kila mara sababu ni moja: `actions/checkout` kwa kawaida hupakua komiti moja tu ya mwisho, bila tagi. Weka `fetch-depth: 0`.

Tagi iliyowekwa na mtambo kwa kutumia `GITHUB_TOKEN` haiwashi mtiririko mwingine wa kazi. Kama uchapishaji wako unasubiri tagi, utasubiri bure. Uweke ndani ya mtiririko ule ule, au tumia tokeni nyingine.

La tatu limewasumbua wengi wanaobana komiti. Ombi likiwa na komiti zaidi ya moja, GitHub inachukua kichwa cha ombi kuwa ujumbe. Likiwa na moja tu, mpangilio wa awali unachukua ujumbe wa ile komiti. Mmejadili, mmesahihisha kichwa vizuri, kikaguzi kimekubali, kisha kinachoingia tawi kuu ni `wip`. Ipo sehemu ya mipangilio ya repo inayolazimisha kichwa cha ombi kitumike kila mara. Iwashe kabla ya kuanza na release-please au semantic-release.

Kuna wanaopeleka komiti kwa programu ya akili mnemba iwaandikie maelezo. Inanyoosha lugha vizuri, lakini haiwezi kujua kuwa "usitume ombi upya" ilihusu pesa za mteja kama hakuna palipoandikwa hivyo, na ikibahatisha itabahatisha kwa ufasaha. Itumie kunyoosha rasimu ambayo mtu anayejua kazi ataipitia.

Ningechagua nini

Maktaba ndogo ya mtu mmoja au wawili, popote ilipo: git-cliff, na dakika chache za kuhariri kwa mkono. Maktaba ya npm yenye timu iliyokwisha kuzoea Conventional Commits, commitlint ikiwa inakagua ujumbe wa kila komiti, na majaribio ya kutegemewa: semantic-release. Ukikosa mojawapo kati ya hayo matatu, shuka kwenye release-please. Timu iliyo GitHub ambayo hata kichwa cha ombi inakiandika kwa kusukumwa: maelezo ya GitHub yenyewe na lebo nne, basi. Mradi wa Python wenye wachangiaji wengi: towncrier. Vifurushi vingi kwenye repo moja: Changesets.

Programu ya simu ya watu wa kawaida iko peke yake. Timu zetu nyingi huandika komiti kwa Kiingereza, na mtumiaji wa Morogoro au Mombasa anafungua simu yake kwa Kiswahili. Google Play inapokea maelezo ya toleo kwa Kiswahili, yasiyozidi herufi 500 kwa kila lugha, na hakuna zana kati ya hizi itakayoyapata kutoka kwenye komiti za Kiingereza. Hapo ningetumia faili za pembeni, kila badiliko linalomgusa mtumiaji likiandikiwa sentensi yake ya Kiswahili siku lilipofanyika, na aliyelifanya. Siku ya toleo zinachaguliwa tatu au nne zenye uzito, ile ya pesa kukatwa mara mbili ikiwa ya kwanza, na orodha ya git-cliff inabaki kwenye repo kwa ajili ya wasanidi.